Walinzi Waliokataa Kurudi Nyumbani

Ernestina alikuwa mtu wa kukumbuka wema. Mama mmoja aliyempa mtama mwaka wa njaa alikwisha kufa siku nyingi, lakini bado alimtaja katika sala. Sandukuni mwake alitunza leso ya kiume, nyeupe yenye mistari ya bluu, ameifua na kuikunja vizuri. Ilikuwa ya mwalimu mgeni, kijana wa Kiislamu kutoka Tanga, ambaye siku mjukuu wa Ernestina, Sayi, alipopata ajali, alishuka kwenye pikipiki akamfunga mtoto kichwa kwa leso yake mwenyewe, akakaa naye mpaka watu wakaja. Alihamishwa kabla Ernestina hajapata kumshukuru. Leso ilikuwa ikimsubiri.

Na kwa kichwa hichohicho kisichosahau, Ernestina alimtunza Jilala pia, huyu kwa ubaya wake.

Ilikuwa msimu wa pamba wa mwaka juzi. Sayi alikuwa darasa la nne. Mama yake mtoto alikuwa akipika na kuuza chakula karibu na stesheni ya Malampaka, na Sayi aliishi na bibi huku upande wa Nkoma. Siku hiyo Jilala, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, alikuwa anapeleka pamba kwenye ghala la chama cha msingi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Watoto walipanda juu ya magunia, kama walivyozoea, maana hakuna godoro linaloshinda pamba mpya. Mbele yao kulikuwa na mkokoteni mwingine. Jilala alikuwa na maksai wawili wekundu waliosifiwa mpaka Mwamanyili, naye alipenda kusikia wakisifiwa. Akawachapa. Wakakimbia. Kwenye karavati, kile kidaraja cha zege, gurudumu moja likapanda ukingo, mkokoteni ukainama, Sayi akarushwa na kugonga kichwa kwenye zege.

Watoto wote waliokuwepo walisimulia jambo moja bila kupishana. Jilala alisimamisha ng'ombe, akageuka, akamtazama mtoto aliyelala pale chini. Kisha akasema, "Mwinueni, nakuja," akaendelea na safari, kwa sababu karani wa mzani alikuwa karibu kufunga. Alipima pamba yake kwanza.

Jioni alipita mbele ya nyumba ya Ernestina na mkokoteni mtupu, akipiga mluzi. Alipoulizwa alisema, "Mtoto kaanguka mwenyewe. Watoto wanaanguka." Hakuja kusema pole siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Kidonda kilipona, nywele zikaota juu ya kovu. Halafu, mahindi ya msimu uliofuata yalipoanza kubeba, Sayi alianguka jikoni akiwa ameshika mwiko. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikatupwa huku na huku, na povu likamtoka mdomoni. Ernestina alidhani anamwona mtoto akifa. Aliondoa chungu motoni kwa mikono mitupu ili asikiangukie.

Baada ya hapo alianguka shuleni, kisha kisimani, kisha kanisani wakati wa matoleo. Wenzake wakaanza kwenda shule na vikombe vyao wenyewe. Watu walisema povu lile likikugusa nawe umepata. Mzee mmoja alisema mizimu inadai pombe. Wengine walinong'ona kwamba atafutwe aliyemloga, na waliponong'ona hivyo walimtazama Ernestina kwa pembeni, kwa maana macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kila mtu wa huku anajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaweza kufanywa nini. Ernestina aliyaona macho hayo. Akajua lazima apate jibu lake mapema, kabla watu hawajapata la kwao.

Jibu alilipata kwa Daktari Nancy.

Huyu alikuwa mwenyeji wa Bukoba, kapangiwa kazi Bariadi, na mara moja kwa mwezi alikuja kituo cha afya cha kata kuona wagonjwa wa kifafa. Alikuwa kijana, lakini alimwamkia Ernestina kwa kuchutama kidogo, na Ernestina aliliona hilo. Alimpapasa Sayi kichwa taratibu mpaka vidole vikasimama juu ya kovu.

"Mama, aliumia lini hapa?"

Ernestina akaeleza yote: maksai, karavati, mzani, mluzi. Daktari hakumkatiza.

"Nyinyi huku mna sungusungu?" daktari aliuliza mwishoni.

"Tunao."

"Mwizi akiingia kijijini inakuwaje?"

"Mwano unapigwa. Ule ukelele wetu wa hatari. Kila mwanamume anatoka na silaha yake. Asiyetoka anatozwa."

"Basi na kichwani ni hivyohivyo. Ubongo una seli zinazopeleka habari, zile zinazomfanya Sayi ainue mkono, akumbuke jina lako. Lakini hizo haziishi peke yazo. Zina wasaidizi. Wengine wanazilisha na kufagia takataka, wengine ni walinzi. Siku Sayi alipogonga lile zege, walinzi walipigiwa mwano. Wakatoka wengi, sehemu ile ikavimba, ikawaka, wakamwaga vitu vikali kama pilipili kusafisha kidonda. Hiyo ni kazi nzuri, bila hiyo angekufa. Kazi ikiisha, wanatakiwa warudi nyumbani."

"Na hawa?"

"Nadhani hawa wengine walikataa. Siwezi kufungua kichwa nikuonyeshe, na si kifafa cha kila mtu kinatoka huko. Lakini kwa habari ulizonipa, naona walibaki barabarani na marungu yao. Mwizi hayupo tena, wao bado wana hasira, wanampiga kila anayepita. Hata wale wapishi na wafagiaji wameacha kazi zao. Sasa seli za habari zinaishi katikati ya moto. Moja ikishtuka inapiga kelele, ya pili inaitikia, ya tatu, mpaka zote. Hapo ndipo unamwona anaanguka."

Ernestina aliliwaza jambo hilo. Lilimwingia vizuri kuliko mahubiri.

"Na dawa hizi unazompa?"

"Zinatuliza kelele. Dawa ya kuwarudisha walinzi nyumbani bado hatuna nzuri, watu wanaitafuta. Ndiyo maana asikose hata siku moja. Kila anapoanguka, wale wanachochewa upya." Akachukua kidonge, akakikata katikati mbele ya Ernestina, akamwonyesha kipimo cha asubuhi na cha jioni, akarudia mpaka bibi akaweza mwenyewe. "Akianguka, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni. Povu haliambukizi kabisa. Akizidi dakika tano hajaacha kutetemeka, mkimbizeni hapa."

"Kwa hiyo ni lile pigo," Ernestina alisema.

"Pigo liliwasha. Lakini pigo lenyewe liliisha siku ileile, mama. Kinachomtesa sasa ni hasira iliyobaki."

Ernestina akaitikia kwa kichwa. Lakini njiani, Sayi akitafuna biskuti aliyopewa na daktari, alirudi na nusu ya kwanza tu ya maneno yale. Pigo liliwasha. Alilirudia kila hatua mpaka nyumbani.

Mkutano wa kijiji wa jadi, ule unaoitwa dagashida, ulikaa kwenye uwanja wa mnada. Mihayo, kiongozi wa sungusungu, alikuwa mtu mnene wa maneno machache. Ernestina alisimama na kanga yake ya kanisani, akaeleza kama alivyoelezwa, na alipofika kwenye walinzi waliokataa kurudi nyumbani, watu wakageukiana.

"Kumbe hata kichwani tupo," Mihayo alisema, na watu wakacheka.

Jilala naye akacheka. Hapo ndipo alipokosea. "Basi mwenyekiti, wakamatwe hao sungusungu wa kichwani," alisema. "Mimi niacheni nikalime."

Wachache walicheka tena, kisha kicheko kikafa chenyewe. Sayi alikuwa ameketi miguuni pa bibi yake, kovu linaonekana.

"Ulimwambia mayu, huyu mama yetu, pole?" Mihayo aliuliza.

"Pole ya nini? Nikisema pole nimekubali."

"Kwani unakataa kwamba ulimwona amelala, ukaenda kupima pamba?"

"Karani alikuwa anafunga."

"Haya. Lete dume moja la ng'ombe, omba radhi mbele ya watu hawa, tumalize."

"Ng'ombe wangu hawatoki kwa maneno ya kliniki," Jilala alisema, akaketi.

Akatengwa. Mihayo alitamka taratibu ili kila mtu asikie. Nyumba ya Jilala isisalimiwe. Isipewe moto wala chumvi. Mashine isiwasagie. Lamboni wateke upande wa ng'ombe, wasikanyage upande wa watu. Wakipiga mwano, asitoke mtu. Atakayevunja, naye atatozwa dume.

Ernestina alilala usingizi mzuri usiku ule kuliko mwaka mzima.

Asubuhi alihamisha kigoda chake. Zamani alikuwa akiketi upande wa kivuli, sasa alikiweka mahali ambapo angeuona mji wa Jilala ng'ambo ya kijito, hata kama jua lilimchoma. Alimwona Matilda, mke wa Jilala, akitoka na debe la mahindi na kurudi nalo bila kusagiwa, kisha akitwanga mwenyewe mpaka mchana. Alimwona Jilala akisimama njiani, mkono umeinuka nusu kusalimia, na watu wakimpita kama wanavyopita mti. Wale maksai wekundu walishinda zizini, maana hakuna aliyetaka kulima naye kwa zamu. Hata namba yake ya simu watu waliifuta. Ernestina alikuwa akichambua dagaa huku anatazama, na moyoni anasema: Sawa. Na bado.

Asubuhi moja Matilda alimkuta njiani, wawili tu, akapiga goti kwa mazoea, akamwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

Matilda huyu aliwahi kumletea uji siku nyingi alipougua mgongo. Ernestina alilikumbuka hilo. Alilikumbuka vizuri sana, na akapita bila kuitikia, na nyuma yake hakusikia hatua. Matilda alikuwa bado amepiga goti.

Sayi alikuwa akiendelea vizuri. Dawa ilimkubali, wiki zikapita bila kuanguka, akaanza hata kucheza rede na watoto wa jirani. Kisha habari zikaja kwamba shemeji mmoja wa Jilala kampa kiberiti kwa siri. Ernestina alikasirika kuliko hata Mihayo. Alidai mkutano, akadai aitwe shahidi, na mkutano ukapangwa siku ileile ya kliniki.

"Bibi, leo si kwa daktari?" Sayi aliuliza.

"Daktari hakimbii. Tutaenda mwezi ujao."

Vidonge vilivyobaki alivikata vidogo zaidi ili vifike mwezi ujao. Aliona ni sawa na kupima unga mwezi ukiwa mrefu. Na mkutanoni alisema maneno makali, shemeji akatozwa, watu wakamwogopa kidogo, naye akarudi nyumbani ameshiba hasira yake kama mtu aliyekula nyama.

Siku ya Jumamosi Sayi alikwenda lamboni kufua shuka na wasichana wengine. Ernestina alikuwa shambani akipalilia karanga pamoja na wanawake wawili wa jirani. Jua lilikuwa limeanza kukaza, ndipo mwano ukasikika kutoka upande wa lambo. Sauti ndefu, ya juu, inayopanda na kukatika, kisha inaanza tena.

Wanawake wakainua vichwa.

"Nani huyo?"

"Sikiliza. Si mke wa Jilala?"

Ernestina alisikiliza. Alikuwa yeye. Sauti ya Matilda ilikuwa na mkwaruzo ambao kila mtu aliufahamu kutoka kwaya ya kanisani.

"Ni yeye," alisema.

"Labda ng'ombe wao kazama."

"Labda," Ernestina akasema, akashika jembe. "Mwacheni alie. Na mimi nililia."

Wanawake wakainama tena. Mwano ukaendelea. Ulipita juu ya mashamba, ukafika mpaka mashine ya kusaga, na kote ulikofika watu waliutambua na kubaki walipo, kama walivyoagizwa. Ernestina alipalilia mstari mzima huku unalia. Kuna wakati alijikuta anatabasamu. Kisha ukakatika ghafla, na kimya kilichofuata hakikumpendeza, ingawa hakujua kwa nini.

Alipofika mwisho wa mstari aliona vumbi barabarani. Mkokoteni wa Jilala ulikuwa unakuja, maksai wanakimbia, Jilala amesimama mbele. Nyuma ameketi Matilda, maji yanamchuruzika, na mapajani pake amelala mtu mwenye sweta la shule la bluu, lenye kiraka cha kijani kiwikoni.

Kiraka kile Ernestina alikishona mwenyewe.

Hakukumbuka baadaye alivyofika barabarani. Jembe lilipatikana mbali na shamba.

"Mayu, panda," Jilala alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya dagashida. Ernestina akapanda.

Sayi alikuwa bado anatetemeka. Akitulia kidogo, hajafumbua macho, anaanza tena. Matilda alikuwa amemlaza ubavu, amemshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai, na lile povu ambalo kijiji kizima kilikimbia lilikuwa limemjaa kwenye vidole na kwenye kanga.

"Alianguka kifudifudi majini," Matilda alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, karibu haitoki. "Wenzake walipoona povu wakakimbia. Mimi nilikuwa ng'ambo, upande wa ng'ombe. Nikavuka. Alikuwa mzito, mayu, na maji yale matope. Nikapiga mwano. Nilipiga mpaka sauti ikaisha."

"Nilikusikia," Ernestina alisema.

Matilda alimtazama, kisha akatazama chini, akamfuta mtoto mdomo.

Ng'ombe walikimbia njia nzima. Walipofika kwenye karavati, Jilala aliruka chini, akashika nira kwa mkono wake, akawavusha hatua kwa hatua, gurudumu katikati kabisa, mgongo wake umelowa jasho. Kisha akaruka tena juu, akawachapa. Ernestina aliliona hilo. Hakutaka kuliona, lakini aliliona.

Kituo cha afya walimchoma sindano, na gari la wagonjwa likamkimbiza Bariadi. Nesi wa zamu alimfunika Ernestina koti lake mwenyewe mabegani.

Sayi alilala siku nzima na zaidi. Alipofumbua macho hakusema kitu, akawa anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Ernestina alimlisha uji kwa kijiko. Daktari Nancy alikuja, akaketi kwenye kitanda, akauliza kama dawa ilikatika. Ernestina alimwambia ukweli wote: mkutano, kiberiti, vidonge alivyokata vidogo, mstari wa karanga aliopalilia wakati mwano unalia. Daktari alitoka, akarudi na vikombe viwili vya chai, kimoja akampa.

"Atapona, daktari?"

"Mkono utarudi. Mengine tutayaona. Tunaanza tena mwanzo. Akikaa kama miaka miwili bila kuanguka, ndipo tutafikiria kupunguza dawa. Akianguka, tunaanza kuhesabu upya."

Ernestina alikunywa chai yake. Kisha akauliza, "Wale walinzi. Wanajua kwamba mwizi hayupo?"

"Hawajui, mama. Wangejua wangekwenda kulala."

Siku ya tatu Sayi alisema neno la kwanza. Alisema, "Bibi, shuka sijamaliza kusuuza." Ernestina akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka.

Waliporudi kijijini, Ernestina mwenyewe aliomba dagashida. Watu walikuja wengi, wanyonge, kwa maana kila mmoja alijua alikuwa wapi wakati mwano unalia. Mihayo alijaribu kuanza na sheria.

"Matilda alikanyaga upande wa watu," alisema. "Na alimgusa mtu wa nyumba iliyomshtaki mumewe. Sheria ni sheria."

"Basi nitoze mimi," Ernestina alisema. "Mimi nilipanda mkokoteni wao. Na ukimaliza kunitoza mimi, niambie ulikuwa wapi wewe. Nyumba yako na lambo, nani yuko karibu?"

Mtu nyuma akakohoa.

Jilala akasimama. Alikuwa amekonda. "Dume nitaleta," alisema. "Na pole nasema. Pole, mayu. Ningeisema siku ile."

Ilikuwa pole aliyoingoja tangu mwaka juzi, na ilipofika, Ernestina aliisikia ikipita kifuani bila kugusa kitu. Nyama ya dume watu wangeila siku moja, wakapangusa midomo. Hilo lilikuwa jepesi mno.

"Kutengwa kwake kutenguliwe leo," alisema. "Matilda asikose tena chumvi wala moto. Dume silitaki. Kaa nalo, utalihitaji." Watu wakashangaa. "Mimi nataka mkokoteni. Kila siku ya kliniki Jilala atampeleka Sayi. Yeye mwenyewe, si kijana wake. Atembee kwa miguu mbele ya ng'ombe, ameshika nira, taratibu, kwenda na kurudi. Na apite mbele ya ghala la pamba, hata siku watu wamejaa kwenye mzani. Hasa siku hizo."

"Mpaka lini, mayu?" Jilala aliuliza.

"Daktari anasema miaka miwili bila mtoto kuanguka. Akianguka, tunaanza kuhesabu upya."

Jilala aliwaza jambo hilo. Ernestina aliuona uso wake ukibadilika kadiri alivyokuwa akielewa.

"Umemsamehe basi?" Mihayo aliuliza.

"Nimesema nataka mkokoteni," Ernestina alijibu. "Hilo lingine sijalisema."

Jioni hiyo alichukua kaa la moto kutoka jikoni kwake, akaliweka kwenye kigae, akavuka kijito. Viberiti vipo siku hizi, lakini nyumba iliyotenguliwa hurudishiwa moto kwa mkono wa mtu. Matilda alikuwa anapeta mahindi. Ernestina alipiga goti, yeye mwenye miaka yake na mgongo wake, akasema, "Mwadila, ng'wana wane," yaani mwanangu. Ilikuwa salamu ya jioni, kulipia ile ya asubuhi aliyoiacha njiani. Matilda aliitikia bila sauti, maana sauti ilikuwa bado haijarudi sawasawa, akapokea moto.

Na Jilala akaanza kifungo chake. Siku za kliniki alitembea mbele ya maksai wake wekundu kama mtu anayesindikiza maiti, na mbele ya ghala wakulima waliokuwa wakisubiri mzani walimtania. "Jilala, ng'ombe wamechoka au ni wewe?" Hakujibu. Juu ya mkokoteni Ernestina aliketi wima na kanga ya kanisani, Sayi ameegemea gunia la pamba ambalo Jilala alilikunja mwenyewe na kuliweka mahali pa kichwa, bila kuambiwa. Gunia hilo Ernestina alilihifadhi kichwani pamoja na mengine. Kila alipoona hatua zimeongezeka kidogo alisema, "Polepole," na zilipungua.

Lakini utamu wa kisasi chake ulikuwa mahali pengine, na watu hawakuuona. Kijiji kizima hakukuwa na mtu aliyemtakia Sayi afya kwa bidii kuliko Jilala. Mtoto akipiga chafya, anauliza. Akichelewa kulala, anamtuma Matilda kusema mtoto alale. Alimkataza mwanawe asimkimbize kwenye jua. Na kila jioni, akisharudisha ng'ombe, alivuka kijito, akasimama nje ya ua, fimbo begani, kofia mkononi.

Jioni moja, vuli ikikaribia, alisimama pale kama kawaida.

"Mwadila, Ng'wana Maige," aliita, kwa jina la baba yake Ernestina, kama mtu anavyomwita anayemheshimu. "Mtoto amemeza dawa?"

Sayi alikuwa jikoni na bibi yake, anachambua choroko kwa mkono wa kulia, taratibu, punje moja moja, kama daktari alivyomwagiza. Dawa alikwisha kumeza zamani, maji ya kikombe yalikuwa yamekauka.

Nje Jilala alihamisha mguu. Akakohoa.

"Bibi," Sayi alinong'ona, "mjibu."

"Nitamjibu," Ernestina alisema, akachukua sufuria nyingine, akaanza kuisugua. "Ngoja kidogo."